Sumaku Ubavuni mwa Gari

Fundi Vioo hupima kila kitu mara mbili. Mteja akimletea vipimo vya dirisha, yeye huvipokea na kushukuru, kisha huchukua utepe wake na kwenda kupima mwenyewe. Akirudi huuliza maswali yake. Kioo cha kawaida au cha giza? Chembamba au kinene? Bei ni hii, umekubali? Mteja akishasema ndiyo, hapo tu ndipo kikatio hugusa kioo.

"Nguo ikikosewa hufumuliwa," husema. "Kioo hakifumuliwi."

Ni mtu makini, basi. Likumbuke hilo, maana hadithi hii ni ya siku alipouacha umakini wake nyumbani na kwenda kwa fundi mwenzake mikono mitupu.

Mke wake anaitwa Mama Maswali. Ni jina la utani, na hakulipata kwa bahati. Akikutana na muuza chumvi, humuuliza chumvi imetoka bahari gani. Akikutana na fundi redio, humuuliza sauti hupita wapi. Kazi yake karakanani ni kusugua kingo za vioo zisije zikakata watu vidole. Anasugua huku anauliza. Mtoto wao wa mwisho, na pekee aliyebaki nyumbani, Kitinda, yuko darasa la nne na tayari anafuata nyayo za mama.

Wa nne katika nyumba hiyo ni gari. Ni gari dogo la mizigo, jeupe, la zamani, nao humwita Mzee. Ndani yake kuna fremu ya mbao ambayo Fundi Vioo aliitengeneza mwenyewe. Vioo husimama wima humo, vimefungwa mablanketi. Siku walipomnunua Mzee, alikuwa anang'aa. Fundi Vioo alijiona kwenye rangi yake, akanyoosha kola, akalipa.

Siku moja Mzee alikuwa anatoka kinyumenyume kwenye ua wa mteja. Kitinda alisimama nyuma akielekeza.

"Njoo, baba! Njoo! Bado, njoo!"

Baba akaja. Nguzo ya geti nayo haikusogea. Ubavu wa kulia ulibonyea, na mlango wa pembeni ukakataa kufunga.

"Mbona hukuniambia nisimame?"

"Mimi nilikuwa naangalia nyuma, baba. Nguzo ilikuwa pembeni."

Waliufunga mlango kwa kamba, wakarudi nyumbani polepole.

Mtaani kwao kuna fundi wa bodi anayeitwa Nyundo. Magari huingia kwake yamebonyea na kutoka yamenyooka. Yeye na Fundi Vioo ni marafiki wa drafti. Kila Jumapili hukaa nje ya gereji, ubao katikati, kete zao vizibo vya soda, na hutaniana mpaka jua lizame.

Dirisha la kiofisi cha Nyundo halina kioo. Ameliziba kwa boksi la televisheni.

"Nije nikupimie lini?" Fundi Vioo humuuliza.

"Wewe njoo tu uweke. Tutaelewana."

"Mimi sikati kioo kwa tutaelewana."

Basi boksi limebaki hapo mpaka maandishi yake yamepauka kwa jua.

Mzee alipofikishwa gereji, Nyundo alimzunguka. Aligonga ubavu kwa kidole, akasikiliza.

"Kazi ndogo hii. Ninyooshe, nipake puti kidogo, msasa, rangi. Basi."

Puti ni ule uji mzito ambao mafundi hupaka juu ya bati ili kusawazisha mabonde. Ukikauka huwa mgumu. Ukipakwa rangi, huwezi kuutambua kwa macho.

Fundi Vioo alifungua mdomo aulize bei. Akaufunga. Kumuuliza bei mtu unayecheza naye drafti kila Jumapili? Aliona aibu. Badala yake alitamka maneno ambayo mteja wake mwenyewe akiyatamka, yeye huweka kikatio chini.

"Wewe ndiye fundi. Fanya unavyoona."

"Usijali," Nyundo akasema. "Tutaelewana."

Wakapeana mikono. Wahenga walisema mganga hajigangi.

Nyundo alipopiga simu kusema gari liko tayari, Fundi Vioo alikwenda mbio. Alikuwa ameulizia mtaani watu hulipa kiasi gani kwa mlango uliobonyea. Pesa hizo aliziweka mfukoni, na za soda mbili juu yake.

Mzee alikuwa amesimama juani. Ubavu wa kulia ulikuwa mweupe pe.

"Loo! Huyu ni Mzee au mwanawe?"

Nyundo alicheka kwa furaha. Kisha akataja bei. Ilikuwa mara tatu ya pesa zilizokuwa mfukoni.

"Unatania."

"Sitanii. Nilipofungua mlango nilikuta chini kumeoza. Kutu tupu. Nimekata, nimechomelea bati jipya. Halafu rangi mpya na ya zamani hazikufanana, nikapuliza ubavu mzima."

"Nani alikutuma?"

"Wewe! Ulisema nifanye ninavyoona. Nikaona."

"Nimekuletea mlango, unanitajia bei ya gari zima!"

"Bati silichumi mtini, rafiki yangu. Nimenunua. Gesi nimenunua. Rangi nimenunua."

"Sema tu umeniona mjinga. Mwizi wewe!"

Neno hilo lilipotoka, watu waliokuwa wakipiga msasa waliacha. Nyundo alichukua ufunguo wa Mzee, akautia kwenye mfuko wa ovaroli.

"Gari halitoki hapa mpaka ulipe," akasema.

Sasa sikia tatizo lenyewe. Karakanani kulikuwa na vioo vya madirisha ya zahanati mpya. Vyote vilikuwa vimeshakatwa. Akiba yote ya nyumba ilikuwa imenunua vioo hivyo. Vilitakiwa vifike Ijumaa asubuhi, na malipo yangetolewa hapo hapo. Msimamizi wa ujenzi hakuzunguka: "Visipofika, nina fundi mwingine." Na kioo kilichokatwa kwa kipimo cha dirisha moja hakiwezi kuvaa dirisha jingine. Kukodi gari? Gari lisilo na fremu lingefikisha vipande. Na siku yenyewe ilikuwa Jumatano.

Fundi Vioo aliingia karakanani, akafungua droo, akatoa ufunguo wa akiba.

"Nitakwenda kesho kabla hajafungua," alimwambia mkewe. "Gari ni langu. Ufunguo ninao."

Mama Maswali aliacha kusugua.

"Lakini kweli kulioza?"

"Wapi?"

"Chini ya mlango. Kweli kulioza?"

"Mke wangu, mimi naibiwa, wewe unauliza habari za kutu?"

"Ndiyo, nauliza. Kama hakukuoza, yule ni mwizi. Kama kulioza, umemtukana rafiki yako bure. Hutaki kujua ni lipi?"

"Sitaki."

"Mimi nataka."

Akajifuta mikono, akatoka.

Nyumba ya jirani anaishi mwanamke ambaye mtaa mzima humwita Mkaguzi. Kazi yake ni kukagua magari yaliyogongwa kabla kampuni ya bima haijalipa. Jioni ile alikuwa anaanika nguo, vibanio mdomoni.

"Jirani," Mama Maswali alianza bila hata kusalimia, "mtu anajuaje kilichoko chini ya rangi ya gari?"

Mkaguzi alitoa vibanio mdomoni. "Swali zuri hilo. Gari la nani?"

Mama Maswali akamsimulia. Alipofika kwenye "tutaelewana", Mkaguzi alicheka hadi shuka likamponyoka.

"Samahani, mwenzangu. Siwacheki ninyi. Neno hilo nalisikia kazini kila wiki. Mwite shemeji aje, nisieleze mara mbili."

Fundi Vioo alikuja shingo upande. Kitinda alikuja mbio, kwa sababu alisikia kuna jambo la kujua.

"Mmechanganya maswali mawili," Mkaguzi aliwaambia. "La kwanza: je, kazi imefanyika kweli, na ilihitajika? La pili: je, mlikubaliana? Kuna fundi anayekutoza kazi ambayo hakuifanya. Huyo ni mwizi. Kuna mwingine anafanya kazi ya kweli ambayo hamkukubaliana. Huyo amekosea, lakini si mwizi. Ukimwita huyu kwa jina la yule, hamtasikilizana hata kidogo."

"Na sisi tutajuaje Nyundo ni yupi?" aliuliza Mama Maswali.

Mkaguzi aliingia ndani. Alirudi na kitu kidogo cha mviringo kilichoshonewa kitambaa laini.

"Sumaku," akasema. "Kitinda, iweke kwenye geti."

Kitinda akaiweka. Iling'ang'ania pale pale.

"Sasa weka kwenye sufuria ile."

Ikadondoka.

"Sufuria ile ni ya aluminiamu, sumaku haiitaki. Bodi ya gari ni chuma, sumaku huishika. Puti si chuma. Puti ikiwa nyembamba, sumaku hushika kwa uvivu. Ikiwa nene, huteleza na kuanguka. Msije mkadhani puti ni dhambi. Kila fundi hupaka kidogo. Ila puti nene juu ya kutu ni changa la macho."

"Na kitambaa cha nini?" aliuliza Mama Maswali.

"Isichubue rangi ya watu."

"Na ikidondoka kwenye bampa?"

"Mabampa mengi ni ya plastiki. Hapo usimshike mtu shati."

Kitinda alikuwa ameshaondoka na sumaku. Alijaribu ndoo, akajaribu bawaba za mlango, akajaribu mguu wa baba yake.

"Haishiki," akatangaza. "Baba si chuma."

Hata baba alicheka, ingawa hakutaka.

"Na huo ufunguo wa akiba, shemeji," Mkaguzi akasema, "urudishe ulikoutoa."

Fundi Vioo alishtuka. "Umejuaje?"

"Umekunja kiganja tangu ulipokuja. Leo wewe ndiye mwenye malalamiko. Ukilitoa gari kwa kificho, kesho yeye ndiye atakayelalamika, na wewe utakuwa wa kujieleza. Nendeni mkaulize kwanza, bila kelele. Mkishindwana kabisa, kuna ofisi zinazosikiliza wateja, na kuna wasuluhishi. Lakini huko mtu huenda akiwa anajua anachodai. Kesho asubuhi nitapita gereji pamoja nanyi, kama jirani tu."

Asubuhi ya Alhamisi Nyundo aliwaona wanakuja. Alikunja uso. Mama Maswali akatangulia mbele.

"Hujambo, shemeji? Hatukuja kugombana. Nimekuja kuuliza."

"Wewe huji kwa jambo lingine," Nyundo akasema. Midomo yake ilitaka kucheka, akaizuia.

"Nionyeshe ulichokifanya."

Fundi akiombwa aonyeshe kazi yake, hasira humtoka bila kuaga. Nyundo alivuta mlango wa Mzee. Ulifunguka bila mlio. Aliinama, akaonyesha chini, pale mtu anapokanyaga akipanda, mahali bati jipya lilipounganishwa na la zamani.

Mkaguzi alipiga magoti. Aliweka sumaku.

Fundi Vioo alisimama nyuma yao, anatamani idondoke. Tusimfiche. Alitamani kwa moyo wote rafiki yake aonekane mwizi, ili yeye awe hakukosea.

Sumaku ikashika. Mkaguzi aliibandua, akaisogeza mbele kidogo. Ikashika tena. Akapanda nayo mlangoni. Ikashika.

"Chuma," akasema. "Puti ni kidogo sana hapa. Hii ni kazi safi."

Nyundo alishusha pumzi. Fundi Vioo alitazama viatu vyake.

"Naomba na mimi," Kitinda akasema, akapewa sumaku. Akazunguka nayo upande wa pili wa gari. Muda si mrefu wakasikia sauti yake.

"Baba! Huku inadondoka!"

Wote wakazunguka. Ubavu wa kushoto haukugongwa na nguzo, wala Nyundo hakuugusa. Ulikuwa unang'aa vilevile kama siku ya kununuliwa. Kitinda akaweka sumaku chini ya mlango. Iliteleza, ikaanguka kwenye vumbi.

Fundi Vioo aliiokota. Alipima mwenyewe, mara mbili, kama ilivyo desturi yake. Ikaanguka mara mbili.

"Nani kapaka puti huku?"

"Si mimi," Nyundo akasema. "Muulize aliyekuuzia. Ngoja kidogo."

Alikwenda nyuma ya gereji kwenye lundo la vyuma chakavu. Alivuta hiki, akatupa kile, akarudi na kipande cha bati alichokikata ubavu wa kulia. Wakakizunguka wote. Juu kulikuwa na rangi nyeupe. Chini yake puti, nene kama kidole gumba. Chini ya puti, rangi ya bluu. Chini ya bluu, bati lililotobolewa na kutu.

"Kumbe Mzee alikuwa bluu!" Kitinda akasema. Alichungulia kwenye tundu la kutu, akaona jicho la mama yake linachungulia upande wa pili.

"Na vioo vyetu vilikaa wapi?" Mama Maswali aliuliza, jicho bado liko tunduni.

"Juu yake hapo hapo, shemeji. Ningeacha vile, siku moja pangekatika, fremu na vioo vyote vingekwenda chini."

Fundi Vioo alikumbuka siku aliyojiona kwenye rangi ya Mzee na kunyoosha kola.

"Niliuziwa mbuzi kwenye gunia," akasema. "Tena gunia lenyewe nililisifu."

Akamgeukia Nyundo. Alipaza sauti, ili wapiga msasa waliosikia tusi wasikie na haya.

"Jana nilikuita mwizi mbele ya watu wako. Wewe si mwizi. Nisamehe, rafiki yangu."

"Yamekwisha," Nyundo akasema, na kweli uso wake ulikuwa umekunjuka. "Kwa hiyo unalipa?"

"Taratibu," Mkaguzi akaingilia. "Swali la kwanza limejibiwa. La pili bado. Kipande hiki ulikiona kabla ya kukata?"

"Nilikiona."

"Simu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Mbona hukumwita aje aone?"

Nyundo alijikuna kichwa.

"Niliona aibu," akasema. "Ni rafiki yangu. Nimpigie simu kumwambia bei imepanda? Angesema Nyundo ana njaa. Nikaona nimalize kwanza, aone ilivyopendeza, halafu tutaelewana."

"Na mimi niliona aibu kukuuliza bei," Fundi Vioo akasema polepole.

Mama Maswali aliwatazama, huyu kisha yule.

"Kwa hiyo mliheshimiana mpaka mkatukanana?"

Mpiga msasa mmoja alikohoa ili asicheke.

"Haya, mume wangu," Mama Maswali akaendelea. "Angekupigia simu, ungesemaje?"

"Bati ningesema kata, weka jipya. Rangi ya ubavu mzima ningekataa. Mzee habebi maharusi, anabeba vioo."

"Basi hesabu iko hapo," Mkaguzi akasema. "Kazi ya lazima, ambayo mwenye gari angeikubali, ni haki fundi alipwe. Na ile ya urembo ambayo mwenye gari hakuulizwa?"

Wote wakamtazama Nyundo. Naye aliutazama ubavu mweupe alioupuliza kwa mikono yake. Ilimuuma, ilionekana.

"Lakini imependeza," akasema.

"Imependeza sana," Fundi Vioo akakiri. "Ila sikuiagiza."

Nyundo alicheka kidogo, akatikisa kichwa. Kwenye hesabu akaondoa rangi ya ubavu, akabakiza ya mlango tu. Fundi Vioo akatoa zile pesa alizokuwa nazo mfukoni, hata za soda. Zilizobaki wakaandika kwamba zitalipwa zahanati ikilipa. Wote wawili wakatia sahihi, Mkaguzi akawa shahidi. Nyundo akatoa ufunguo kwenye ovaroli.

"Mpeleke Mzee kazini, ila vioo vikae upande wa kulia," akasema. "Nisipokuona Ijumaa jioni, nakuja na nyundo."

Ijumaa asubuhi vioo vya zahanati vilifika vizima vyote. Msimamizi alivihesabu, akalipa. Fundi Vioo alipitia gereji kabla hajafika nyumbani, akalipa deni lake, akarudishiwa karatasi.

Lakini ubavu wa kushoto ulikuwa bado unangoja, na kutu hailali. Zamu hii mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kabla Nyundo hajashika chombo chochote, walikaa wote nje ya gereji na kuandika makadirio. Mkaguzi aliwaonyesha namna.

"Makadirio ni bei inayotajwa kabla ya kazi," alieleza. "Andika kila kazi unayoiona, na bei yake. Kukata bati, kuchomelea, puti, rangi."

"Na ambayo haionekani?" aliuliza Mama Maswali. "Fundi hana macho ya kupita kwenye bati."

"Ndiyo sababu tunaandika na hili: akikuta jambo jipya, anasimama, anapiga simu, mwenye gari anakuja kuona. Akikubali, wanaandika. Asipokubali, fundi haendelei. Na vyuma vya zamani havitupwi mpaka mwenyewe avitazame."

"Basi nitakuwa napiga simu kila saa," Nyundo akalalamika.

"Piga," Mama Maswali akasema. "Mimi nitapokea."

Na kweli akapiga. Alikuwa ameondoa puti akakuta kutu imetambaa mpaka karibu na gurudumu. Mume na mke wakaja. Mama Maswali aliuliza kutu inaanzaje, inapenda wapi, inazuiwaje, mpaka Nyundo akaomba huruma. Kumbe maji na tope vikikaa chini ya gari bila kuoshwa, kutu hupata pa kuanzia. Wakakubaliana bati liongezwe, na bei ikaandikwa pale pale. Nyundo akauliza kama apulize rangi ubavu mzima. Fundi Vioo akasema hapana, ahsante, mlango tu.

Siku ya kulichukua gari, bei iliyotajwa ndiyo iliyokuwa kwenye karatasi. Fundi Vioo alilipa bila kuhesabu kwa hasira. Leo Mzee ana weupe wa aina mbili ubavu wa kushoto, na hakuna mteja wa vioo aliyewahi kulalamika.

Nyundo naye akanunua sumaku yake, akaifunga kwa uzi mlangoni mwa gereji. Anayeleta gari hulipima kwanza, wakiwa pamoja. Watu wanaotaka kununua magari ya zamani wameanza kuja kuiazima.

Jumapili moja walikuwa kwenye drafti kama kawaida. Mama Maswali na Kitinda walikaa pembeni wakitazama. Nyundo alitoa karatasi mfukoni.

"Nimepima dirisha langu. Nataka kioo."

Fundi Vioo aliipokea, akashukuru, kisha akachukua utepe wake na kwenda kupima mwenyewe. Aliondoa boksi, akapima mara mbili. Aliporudi alimkuta Nyundo anamngoja.

"Bei gani?"

Fundi Vioo alimtazama rafiki yake. Alimtazama Mzee, amenyooka pande zote mbili. Alikumbuka tundu la kutu, na vioo vya zahanati vilivyofika vizima. Moyo ukamlainika.

"Aa, wewe tena? Mimi nimtoze pesa rafiki yangu? Nitakuja niweke tu. Tutae—"

"Koma hapo hapo!" Nyundo alisimama, kete zikamwagika. "Mimi siingizi kioo kwa tutaelewana!"

Kitinda aliokota kete huku akicheka. Mama Maswali hakucheka. Alimtazama mumewe, akangoja, kama angojavyo jibu siku zote.

Fundi Vioo alijikaza.

"Kioo cha kawaida au cha giza?"

"Cha kawaida. Nataka nione nje."

"Chembamba au kinene?"

"Kinene. Humu ndani nyundo huruka."

Akataja bei. Nyundo alikunja uso, akaomba apunguziwe, akapunguziwa kidogo.

"Umekubali?"

"Nimekubali."

Kesho yake, karakanani, kikatio kikagusa kioo.